Mbuzi Asiyechinjwa

Mpwa wangu ni mpishi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, huko ambako maji yakikupwa mtu hutembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba. Ijumaa moja alikuja Mkunazini kumwamkia bibi yake, yaani mama yangu. Baada ya shikamoo na habari za barabarani akatoa lililomleta.

"Bibi, nataka unifunze maharage ya nazi. Na kisamvu. Na ile mbaazi yako."

Mama alikuwa ukumbini juu ya mbuzi yake, nazi ya pili mkononi. Hakunyanyua uso. "Na huko chuoni ulifunzwa nini miaka yote ile?"

"Steki, pasta, supu za kizungu. Sasa wageni wanataka vegani."

"Ndo nini hiyo?"

Akamweleza. Hawali nyama, hawali kuku, hawali samaki. Mayai hawali, maziwa hawanywi, samli haiwekwi. Hata asali hawaigusi.

"Hata asali?"

"Hata asali, bibi."

"Wagonjwa?"

"Wazima, wanakimbia ufukweni kila asubuhi."

"Wana nadhiri?"

"Hawana."

"Basi maskini, wangu, wapikie."

"Bibi, sahani moja tunawauzia shilingi elfu thelathini."

Hapo mbuzi ikanyamaza. Mama aliniangalia mimi, si yeye, kama anayetafuta shahidi. "Maharage?" akauliza. Nikatikisa kichwa kuwa ndiyo. Akarudi kwenye nazi yake bila ya neno jingine, lakini alikuwa akikuna taratibu zaidi.

Nimeyarudia mazungumzo yale mara nyingi kichwani. Maradhi, nadhiri, umaskini: kwa mtu wa Unguja wa umri wake hakuna mlango wa nne unaomfikisha mtu kwenye sahani isiyo na nyama wala samaki. Sikiliza tunavyosema majumbani. Chungu cha kunde kinatokota, mchicha umeshachambuliwa, tui liko kwenye bakuli, na mwenye nyumba anamjibu jirani dirishani: leo sina kitoweo. Kunde si kitoweo. Kamusi inaweza kusema vyengine, lakini jikoni kitoweo ni kile kilichokuwa na macho.

Na chakula chenyewe tunakijua kuliko hao wanaokuja kukinunua. Nenda katika nyumba yoyote ya Ng'ambo wakati wa Ramadhani, jua likiwa limebakiza nusu saa. Muhogo wa nazi, ndizi mbichi za nazi, magimbi, viazi vikuu, kunde, tambi, mkate wa kumimina, uji wa pilipili manga. Samaki wa kukaanga yuko kisahani cha pembeni kwa anayemtaka. Katika mwezi mtukufu kuliko yote, mlo tuusubirio kwa hamu kuliko yote unatoka ardhini na mnazini, na hakuna anayeuonea haya. Urojo nao, ukiondoa yai na mishkaki, ni embe mbichi, ndimu, unga, bhajia, kachori za mbatata, chipsi za muhogo na chatne ya nazi. Kijana wa Darajani anayekula urojo mtupu kwa kuwa pesa ya mishkaki hana, anakula vegani bila ya kujua.

Neno lenyewe halina umri mkubwa. Donald Watson na wenzake walianzisha chama chao Uingereza mwezi Novemba 1944, na neno la Kiingereza wakaliunda wao kwa kuchukua mwanzo na mwisho wa neno la zamani la wala mboga. Lakini kukaa mbali na nyama hakukuzaliwa na Watson. Ndugu zetu wa Ethiopia walio katika kanisa la Orthodox hufunga nyama, maziwa na mayai kwa takriban siku 180 kwa mwaka, na ndiyo maana mpishi wao anajua kufanya makubwa kwa dengu na shiro. Hapa hapa Mji Mkongwe, kwenye vichochoro vya Hurumzi karibu na hekalu la Shakti, kuna familia za Kihindu ambazo hazijapata kupika nyama tangu babu wa babu yao ashuke jahazini kutoka Kutch. Wao maziwa na samli wanatumia, kwa hiyo vegani si wao. Ila naomba msomaji akumbuke jambo moja kabla hatujaanza kuipima sahani kama kipimo cha utu. Nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wasiokula nyama, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, na chini ya wakala wake Ladha Damji pembe za ndovu zilipita mezani kwao maelfu kwa maelfu. Sahani ilikuwa safi. Ndovu hawakuulizwa.

Sasa hii haya yetu ya sahani isiyo na nyama ilitoka wapi? Mimi nadhani sehemu yake ilitoka kwenye foleni. Wenye umri wa mama wanaikumbuka mwanzo wa miaka ya 1970, serikali ya Mzee Karume ilipobana chakula kutoka nje ili visiwa vijitegemee. Mchele ukawa wa mgao, unga wa ngano ukawa hadithi, na muhogo ukaliwa asubuhi, mchana na jioni. Watu wengine walitoka katika miaka ile wameapa kuwa muhogo hawatautia tena kinywani ila kwa futari. Mama si mmoja wao, lakini hata yeye akikaribisha mgeni wa heshima hawezi kumwekea muhogo. Atatuma mtu akanunue kuku wa boksi.

Huyo kuku wa boksi ndiye ninayetaka kumzungumzia, maana yeye ndiye aliyetubadilisha, kuliko ng'ombe. Ng'ombe kwetu ni harusi, ni hitma, ni Idd Kubwa, pale ambapo nyama ya udhiya huingia katika nyumba ambazo mwaka mzima hazikuinunua. Lakini paja la kuku lililogandishwa Brazil linapatikana duka la kona, tena kwa bei ambayo samaki wa mnada wa Malindi hawezi kushindana nayo siku ya kusi kali. Tumelizoea kiasi kwamba watoto wanamwita kuku wa kienyeji "kuku mgumu".

Hoja ya wala mboga wa Ulaya kuhusu mazingira ni nzito na sitaki kuidharau. Mwaka 2018 Joseph Poore wa Chuo Kikuu cha Oxford na Thomas Nemecek wa Uswisi walichapisha katika jarida la Science hesabu iliyokusanywa kutoka mashamba kama 38,700 katika nchi 119. Walikuta chakula kinatoa karibu asilimia 26 ya gesi zote zinazoipasha dunia joto. Walikuta pia kwamba dunia ikiacha kabisa vyakula vya wanyama, ardhi inayotumiwa kulishia watu ingepungua kwa asilimia 76. Kilo ya nyama ya ng'ombe aliyefugwa kwa ajili ya nyama inazidi kilo ya njegere kwa makumi ya mara. Na jambo lililonishangaza mimi niliyezoea kuilaumu meli: usafirishaji ni kama asilimia 6 tu ya gesi zitokanazo na chakula. Kosa la paja la Brazil halimo sana katika safari ya baharini. Limo katika soya na mahindi aliyolishwa kuku yule, na katika ardhi iliyolimwa ili alishwe.

Hapo nakubali. Lakini hesabu ile ile ina tundu ambalo mtu wa pwani lazima alione: samaki waliomo humo ni wa kufugwa. Dagaa anayevuliwa usiku wa giza kwa taa, akaanikwa pwani ya Kama au ya Mkokotoni, hayumo. Hakulishwa soya, hakufyekewa msitu, hakunyweshwa maji ya kisima. Halafu kuna suala la nani anaambiwa apunguze. Mmarekani anakula zaidi ya kilo 100 za nyama kwa mwaka, Mtanzania wa kawaida hafiki 20. Kumwambia mtu wa Makunduchi apunguze nyama ni sawa na kumwambia asiye na gari abane petroli.

Upande wa afya nitaanza na mwili wangu, maana ndio niliousomea.

Miaka mitatu iliyopita nilipimwa presha katika zahanati moja hapa mjini. Daktari alinipa vidonge na karatasi iliyochapishwa, imeandikwa kwamba nile brokoli, samaki wa salmon na mafuta ya zeituni. Brokoli nilikuwa sijapata kuiona uso kwa uso. Sikuwa peke yangu. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwaka 2011 ulikuta karibu mtu mzima mmoja katika kila watatu ana presha ya juu. Nikaikunja ile karatasi, nikajiamulia dawa yangu mwenyewe: siku arubaini bila ya nyama, bila ya kuku, bila ya samaki, bila ya yai wala maziwa. Nilijiona shujaa.

Nilikula nini? Asubuhi maandazi matatu na chai ya rangi, sukari vijiko vinne. Saa nne chipsi za muhogo na pilipili. Mchana mlima wa wali na maharage. Alasiri urojo, au soda ya baridi na kashata. Usiku chapati mbili zilizokaangwa zikang'ara, na mbaazi. Vyote hivyo vegani kamili, hakuna mnyama hata mmoja aliyeumia. Siku ya arubaini mizani ilionesha nimeongeza kilo nne, na presha ilikuwa pale pale nilipoiacha. Mke wangu alisema labda mnyama aliyekuwa akiumia alikuwa mimi.

Tangu hapo nimekuwa mgumu kuamini jina la mlo. Wanaofuatilia jambo hili kwa miaka mingi nao wanasema maneno ya tahadhari. Utafiti wa EPIC-Oxford wa Uingereza, uliofuata watu zaidi ya 48,000 kwa miaka 18, ulitoa majibu yake mwaka 2019. Wasiokula nyama walipata maradhi ya moyo yatokanayo na kuziba mishipa kwa asilimia 22 pungufu ya wala nyama, lakini kiharusi kilikuwa juu kwao kwa asilimia 20. Mwaka uliofuata, katika kundi lile lile, vegani walionekana kuvunjika mifupa zaidi, hasa nyonga. Faida ipo, na hasara ipo. Shirika la Afya Duniani kupitia wataalamu wake wa saratani lilishasema mwaka 2015 kuwa nyama za viwandani, soseji na ndugu zake, zinasababisha saratani. Sikuona kokote walipomtaja dagaa.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka kisiwa kingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 daktari wa Sweden, Staffan Lindeberg, alikwenda Kitava, kisiwa kidogo cha Papua New Guinea. Watu wale walikula viazi vikuu, magimbi, viazi vitamu, matunda, nazi na samaki. Walivuta sigara kama magari mabovu. Na bado maradhi ya moyo na kiharusi yalikuwa karibu hayajulikani kwao. Ukisoma orodha ya chakula cha Kitava unadhani umeingia jikoni Kizimkazi enzi za babu zetu: magimbi, nazi, samaki kidogo. Sukari na unga mweupe havikuwamo, na mafuta ya dumu hayakuwamo. Watu walitembea na walilima. Sisi tumebakisha nazi, tukaongeza dumu la mafuta juu yake, kisha tunamlaumu mnazi.

Sasa niseme na upande wa pili, maana wapo vijana wa mjini, hasa wanaofanya kazi na wageni, ambao wameanza kuiga mlo huu mzima mzima kutoka kwenye simu. Nawaheshimu. Lakini vitamini B12, iliyogunduliwa mwaka 1948, haipatikani kwenye majani wala kwenye kunde wala kwenye nazi. Mwani nao si wa kutegemewa, maana kilichomo humo kwa sehemu kubwa ni mfano wa B12 ambao mwili hauwezi kuutumia. Vegani wa London anameza kidonge, au anakunywa maziwa ya soya yaliyotiwa vitamini kiwandani. Ini la mtu mzima lina akiba ya miaka kadhaa, na hapo ndipo mtego ulipo. Mtu huacha samaki leo, akajiona mwepesi mwaka wa kwanza, akawahubiria wenzake mwaka wa pili, na ganzi ya miguu ikamjia baadaye wakati ameshasahau ilipoanzia. Mtoto anayenyonya kwa mama asiye na akiba hiyo hana hata huo muda wa kuhubiri.

Damu nayo. Uchunguzi wa afya wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta karibu asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Mchicha na kisamvu vina madini ya chuma, ila ni ya aina ambayo mwili huyapokea kwa kusitasita. Ndimu juu ya mchicha husaidia, embe mbichi husaidia, na hapo achari ya mama inafanya kazi ya daktari. Kinachoharibu ni ile chai yetu. Tukimaliza kula tu, birika limefika, na chai hukamata yale madini yakapita bila ya kuingia mwilini. Ukisubiri saa moja ndipo unywe, umeokoa mengi bila ya kununua kitu.

Na kuna kisa cha muhogo ambacho hakifai kusahauliwa na anayesema kuwa chakula cha mimea pekee ni salama kwa kila mtu na kila mahali. Mwaka 1985 huko Tarime, katika ukame, watu walibaki na muhogo mchungu na hawakuwa na subira ya kuuloweka na kuukausha inavyotakiwa, kwa sababu njaa haina subira. Watoto na wanawake wakaamka miguu imekakamaa, wasiweze kutembea sawasawa tena maishani. Maradhi hayo yanaitwa konzo, jina lililotoka Kongo, na yalishapiga Msumbiji mwaka 1981. Sumu ya muhogo mwili unaweza kuivunja ukiwa na protini ya kutosha yenye salfa, ile inayojaa kwenye samaki, nyama na mayai. Waliokuwa na dagaa kidogo mezani walikuwa na kinga ambayo wenzao hawakuwa nayo. Bibi zetu waliotwanga kisamvu kinuni mpaka kikawa uji, wakakichemsha muda mrefu bila ya kukifunika, wakatia tui, na mara nyingine wakatupia vipande vya papa mkavu, hawakusoma kemia. Lakini hakuna hatua hata moja hapo iliyokuwa ya urembo.

Kwa hiyo mimi nasema wazi: dagaa abaki chunguni. Mmoja kwa mboga nyingi. Hata tume ya EAT-Lancet ya mwaka 2019, iliyotafuta mlo wa kuiokoa dunia, haikufuta samaki. Ilimpa kila mtu wastani wa gramu 28 kwa siku, na nyama nyekundu gramu 14. Kwa wiki nzima hiyo ni changu mmoja wa wastani na mshkaki mmoja wa Forodhani wenye vipande vya haki. Mzee wa Jambiani aliyekufa kabla ya hoteli kufika alikuwa akila hivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba bahari yenyewe inachoka. Ukitetea samaki lazima useme na namna anavyovuliwa, la sivyo unatetea juya la kigumi linalobomoa matumbawe na kuzoa mpaka makinda. Dagaa huzaa haraka, lakini sasa wanunuzi kutoka Kongo wanamsubiri uwanjani kabla hajakauka, na sehemu kubwa ya mavuno ya Kama hupanda boti bila ya kupita Darajani. Simlaumu anayeuza, ana watoto. Ninachokiona ni kwamba samaki wa bei ndogo, aliyekuwa kinga ya maskini, anapanda bei, na pengo lake linazibwa na paja la Brazil. Upande wa pweza kuna habari njema kidogo. Vijiji kadhaa vya Pemba na Unguja, kwa msaada wa mtandao wa Mwambao, vimekuwa vikifunga miamba yao kwa miezi mitatu hivi, na siku ya kufungua watu huchota pweza wakubwa wasiowaona kwa muda mrefu. Na Chumbe, kisiwa kile unachokiona kutoka Mji Mkongwe siku ya hewa safi, mwamba wake umefungwa kwa uvuvi tangu mwaka 1994. Mwamba ukipumzishwa, unalipa. Hilo ndilo somo la mazingira ambalo sisi tungeweza kuwafundisha wageni, badala ya wao kutusomea sahani zetu.

Halafu kuna mwani. Kila nikimpeleka mtu Paje namwonesha wanawake wale maji yakiwa yamekupwa, khanga zimefungwa kiunoni, mgongo umepinda juu ya mambo na kamba. Kilimo hicho kilianza pwani ile mwaka 1989, na leo kinawashughulisha watu zaidi ya elfu ishirini Zanzibar, wengi wao wanawake. Mwani ukikaushwa unakwenda nje, huko unatolewa ute wa karajinani, unaotumika kugandisha na kulainisha aiskrimu, dawa ya meno na maziwa ya kila aina. Hata maziwa ya lozi na ya nazi ya pakiti, yale ambayo vegani hutia kwenye kahawa yake, baadhi yake yamepata kushikana kwa ute huo. Ni badala ya jelatini inayotoka kwenye mifupa ya wanyama. Maana yake mlo ule wa Ulaya umesimama, kwa kiasi fulani, juu ya migongo ya Paje na Jambiani. Na mwani wenye bei nzuri, ule unaoitwa kotonii, unakufa kwa sababu maji yamekuwa ya moto. Mama mmoja aliniambia zamani alikuwa akitoka baharini ananung'unika baridi. Sasa maji ya kidimbwini yanamchoma vifundo. Anayekula nyama Texas anamharibia yeye shamba, hilo kweli. Na anayepanda ndege kuja kunywa kahawa ya lozi ufukweni mwake? Watalii zaidi ya 600,000 walifika visiwani mwaka 2023, na sijaona wengi waliokuja kwa jahazi.

Nikiulizwa nataka nini, nitaanza na karatasi ya zahanati. Iandikwe kwa chungu cha hapa. Aandikiwe mtu kunde, mbaazi, mchicha wenye ndimu, gimbi badala ya mlima wa wali, dagaa wasiokaangwa, tui la pili badala ya kasimile kila siku, na sukari ipungue. Mgonjwa aliyeandikiwa brokoli ameambiwa kwa adabu kwamba chakula cha kwao hakina maana. Nataka mwalimu wa upishi afundishe kisamvu kwa umakini ule ule anaofundishia steki, ili kijana asifunge safari ya kilomita hamsini kuja kukisoma kwa bibi yake. Nataka hoteli iwanunulie wakulima wa Kizimbani na Bambi mbaazi na mchicha. Sehemu kubwa ya mboga za mahotelini inavuka bahari kuja hapa, na mgeni anayelipa elfu thelathini kwa kuwa anaijali dunia ana haki ya kujua hilo. Na nataka minazi ipandwe. Iliyopo ni mizee, mingine imekatwa ikawa boriti za mabungalo, na nazi moja sokoni imeshaipita bei ya soda. Ikifika siku nazi ikawa anasa, mazungumzo yote haya hayatakuwa na tui.

Masheikh wetu sidhani watagombana na lolote kati ya hayo. Kujiharamishia alichokihalalisha Mungu ni jambo jengine, na mtu wa Unguja atalikataa hata kabla ya kuulizwa. Lakini kula nyama kwa nadra, tena nyama unayojua ilipochinjwa, hakuna aliyesema ni kosa.

Mpwa wangu alikaa siku mbili. Mama alimkalisha juu ya mbuzi mwenyewe, akamfunza kukuna bila ya kuuma kifuu, maana ukiuma kifuu tui linakuwa jeusi. Akamfunza kukamua kwa kifumbu badala ya chujio la plastiki, kulitenga tui la kwanza, kuyapika maharage kwa la pili na bizari na kitunguu, kisha kutia kasimile mwisho, moto mdogo, upawa ukizunguka upande mmoja tu ili tui lisikatike. Pilipili ikaelea juu nzima, isipasuke. Chicha akapewa kuku wa jirani. Mama alijaribu mara mbili kuchopeka dagaa, na mara mbili mjukuu akamshika mkono.

Wiki ya pili simu ililia usiku, baada ya Isha. Mama akaweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Bibi, mgeni amelamba sahani. Ameniita mezani, anataka nimwandikie kila kitu, mpaka na vyombo. Hiki cha kukunia nazi nimwandikie nini?"

"Mbuzi."

Kimya kidogo. Nyuma yake zilisikika sahani zikigongana.

"Na ile pilipili?"

"Pilipili mbuzi."

"Bibi," akasema, sauti ameishusha kama anayeongea msikitini, "hebu nitafutie majina mengine."